Kicheko Kilichokuja Mahali Pasipotakiwa: Uchambuzi wa Kisa cha Tamthilia ya Msiba

## Usuli

Kikundi kimoja cha maigizo kilipokea mswada wa mwandishi aliyekuwa akiandikia jukwaa kwa mara ya kwanza. Hadithi yenyewe ni hii: baharia kijana hajarudi, mashua yake imekutwa ikielea bila mtu, na waokoaji wametangaza kuwa msako umesitishwa. Nyumbani wamo mama yake, dada mkubwa na mumewe, dada mdogo, na mjomba. Tamthilia nzima inapita usiku mmoja ndani ya chumba kimoja, na wanachobishania ni kama waanze kumlilia au waendelee kumngoja. Hakuna maiti. Hilo ndilo linalowatesa.

Mwandishi alijiwekea sharti kwamba mtazamaji asicheke hata mara moja. Hakuwa mtu mkavu. Kabla ya kuandika alikaa na familia zilizopitia masaibu ya aina hiyo, na kwake mzaha wowote ungekuwa utovu wa adabu kwa watu waliomfungulia mioyo yao. Mswada ulikuwa mzuri kwa kusoma: lugha nzito, mazungumzo yasiyopayuka, na taharuki inayopanda ukurasa kwa ukurasa. Onyesho lilikadiriwa kuchukua dakika tisini bila mapumziko.

Mimi niliitwa kuwa mshauri wa mswada. Kazi hiyo ina sehemu moja ambayo watu huidharau: kukaa nyuma ya ukumbi na kuwatazama watazamaji badala ya jukwaa. Unaandika wanapokohoa, wanapojigeuza vitini, wanapochungulia saa. Makofi ya mwisho hayasemi mengi, maana watu hupiga makofi hata kwa adabu. Kikohozi hakina adabu.

Majina, mahali na baadhi ya mambo ya hadithi nimeyabadilisha au kuyaondoa.

## Yaliyotokea kwenye onyesho la kwanza la majaribio

Walialikwa watu wachache wasiojua lolote kuhusu tamthilia. Robo ya kwanza walitulia kabisa. Baada ya hapo kikohozi kikaanza, kwanza upande mmoja, halafu kila upande. Hakikuwa kikohozi cha watu waliochoshwa; nyuso zilikuwa bado jukwaani. Walikuwa wamekaza mabega kama watu wanaosubiri kudungwa sindano isiyofika.

Kisha ikafika sehemu ambayo mwandishi aliijenga kama kilele. Ofisa wa uokoaji anabisha hodi, anaingia, na kuweka mezani mfuko wa plastiki unaoonyesha kilichomo. Ndani yake mna kiatu. Familia inakitazama. Hakuna anayesema kitu. Ofisa, ambaye hajui afanye nini na mikono yake, anasema:

"Samahani. Kimepatikana kimoja tu."

Mtu mmoja safu ya nyuma akacheka. Akajaribu kukizuia kwa kiganja, kikatokea puani. Aliyekaa karibu naye naye akashindwa. Ndani ya sekunde chache nusu ya ukumbi ilikuwa inacheka kwa aibu, vichwa chini, huku mwigizaji wa mama akiwa amesimama mbele yao machozi yakimlengalenga.

Mwandishi alitoka nje kabla ya mwisho.

## Uamuzi wa kwanza, na kwa nini ulifanywa

Mazungumzo ya usiku ule yalikuwa na pande tatu. Mwandishi alisema watazamaji wale hawakufaa, walete wengine. Mwongozaji alitaka neno la ofisa lifutwe: aweke kiatu, atoke kimya. Msimamizi wa kikundi, aliyekuwa na hofu ya kuuza tiketi za dakika tisini za kilio, alipendekeza aongezwe mhusika wa kuchekesha.

Pendekezo la msimamizi lilishinda, na ninaelewa kwa nini. Lilikuwa jepesi kutekelezwa: huhitaji kugusa mswada uliopo, unapachika tu mtu mpya. Pia lilikuwa na hoja nyuma yake. Watu walicheka kwa sababu walikuwa wamebanwa, kwa hiyo wapeni pa kuchekea. Kikundi kilikuwa na mwigizaji mmoja hodari wa vichekesho, akaandikiwa nafasi ya jirani mmbeya anayeingia mara tatu kuazima vitu na kutoa ushauri asioombwa.

Onyesho la pili la majaribio, jirani alichekesha kweli kweli. Watu walijipiga mapaja kwa kicheko. Alipotoka, ukumbi ulibaki ukitazama mlango aliotokea, na waigizaji waliobaki chumbani walilazimika kuwasha moto upya kutoka kwenye majivu. Kila alipotoka hasara ilikuwa ileile. Kiatu kilipowekwa mezani na ofisa kusema lake, kicheko kilikuja tena, mara hii bila aibu. Kwa nini waone aibu? Walikuwa wamefundishwa kwa saa nzima kwamba hapa panachekwa.

Mwongozaji alisema jambo ambalo bado nalikumbuka: tumepata maonyesho mawili kwa tiketi moja, na hayajuani.

## Uamuzi wa pili: daftari

Jirani aliondolewa. Badala ya kuuliza "tuongeze nini", tulimuuliza mwandishi kama watu aliozungumza nao walikuwa hawacheki kabisa.

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema walikuwa wanacheka, na sana. Akaleta daftari lake. Mlikuwa na kurasa za mambo ambayo aliyaandika siku ile ile aliyoyasikia, kisha akayaacha yote alipoanza kuandika mswada, kwa heshima. Mama mmoja alikuwa akimgombeza mwanawe aliyepotea kana kwamba kachelewa tu kurudi nyumbani. Shemeji mmoja aliulizia koti. Mdai mmoja aliendelea kupiga simu.

Hapo kazi ikabadilika. Tamthilia haikuwa imepungukiwa na vichekesho; vilikuwa vimetolewa. Mwandishi alirudi kwa waliohusika kuomba ruhusa na kukubaliana nao nini kibadilishwe ili mtu asijitambue wala kutambulika. Mmoja alikataa, na lake halikutumika.

Yaliyoingia yalikuwa machache. Nitaeleza matatu.

La kwanza ni la mama. Mapema sana, pazia likiwa halijakaa sawa, yuko peke yake akipanga shuka za kitanda cha mwanawe na kunung'unika: taulo mvua kitandani, soksi chini ya godoro, hajaaga vizuri alipoondoka. Anamaliza kwa kusema: "Akirudi huyu, nitamuua kwa mikono yangu." Ukumbi unacheka, maana kila mtu amewahi kuambiwa hivyo au kumwambia mtu hivyo. Kicheko kinadumu muda mfupi tu, halafu watu wanasikia walichokicheka. Mwigizaji wa mama anaendelea kukunja shuka. Hajui kwamba amesema kinaya, na hilo ndilo linalouma.

La pili ni simu. Simu ya baharia iliachwa nyumbani na inaita. Dada mdogo anapokea. Ni mdai, anataka pesa zake, na anaamini anakwepwa. Sauti yake inasikika ukumbini: "Mwambie akichoka kujificha anipigie." Dada mdogo anajibu, "Nitamwambia," na kukata. Simu hiyo inaita tena baadaye, na tena. Mara ya tatu mjomba anaipokea na kuanza kumhurumia mdai, wanaongea kama marafiki wa zamani, hata mdai anatoa punguzo.

La tatu ni koti. Mume wa dada mkubwa anauliza, kwa sauti ya mtu anayejali, kama baharia aliondoka na lile koti lake la mvua au aliliacha. Kila mtu chumbani anajua kwamba amelitamani siku nyingi.

Sehemu ya mwisho ya uamuzi huu ilihusu mpangilio. Vicheko vingi viliwekwa theluthi ya kwanza ya onyesho. Cha mwisho, kile cha mjomba na mdai, kiliwekwa karibu kabisa na kuja kwa ofisa. Mdai anasema atapita mwenyewe nyumbani wamalizane. Simu inakatwa, mjomba anajivuna, hodi inagongwa. Mjomba anafungua mlango akitabasamu, tayari kumpokea mdai. Ni ofisa, na mfuko.

Neno la ofisa halikuguswa. "Samahani. Kimepatikana kimoja tu."

## Matokeo

Onyesho la tatu la majaribio hakuna aliyecheka kiatu kilipotajwa. Palikuwa na sauti moja, ya mtu anayevuta pumzi. Katika maonyesho ya hadhara yaliyofuata kicheko cha mahali pale kilitokea mara chache, na kila mara kilikuwa cha mtu mmoja aliyenyamaza haraka. Kikohozi cha robo ya pili kilipungua sana.

Kulikuwa na mambo mawili yaliyoharibika.

Baada ya onyesho mojawapo, mtazamaji mmoja aliyetoka katikati alimngoja mwongozaji mlangoni. Yeye mwenyewe alikuwa amefiwa na ndugu yake. Alitoka lilipotajwa koti. Mwongozaji alianza kuomba radhi kwa watu kucheka, akamkatiza: kicheko hakikumkera, yeye mwenyewe alicheka. Kilichomkera ni kwamba shemeji alisema vile na hakuna ndugu aliyefanya lolote, hadithi ikaendelea kana kwamba imekubali. Tangu hapo dada mdogo anasimama, anakwenda chumba cha ndani, anarudi amelivaa lile koti, anafunga vifungo vyote hadi kooni, na kukaa nalo hadi mwisho wa tamthilia. Linamzidi mikono. Watu wanacheka anapoingia nalo, na baada ya dakika kadhaa hakuna tena anayeliona kama kichekesho. Kwangu hilo ndilo badiliko bora kuliko yote, na halikutoka kwetu.

La pili ni mjomba. Mwigizaji alionja ladha ya kicheko cha ile simu, na kila onyesho alijazia maneno mawili matatu. Mazungumzo na mdai yalirefuka hadi yakawa kipindi kizima, na hodi ya ofisa ikaanza kusikika kama kero iliyokatiza burudani. Kiatu kikapokelewa kwa minong'ono. Mwongozaji alikata maneno yote ya ziada na kumpa fundi wa sauti amri moja: hodi igongwe mdai akishamaliza sentensi yake, mjomba awe tayari au asiwe. Kitendo hicho kilizua mfarakano kidogo kwenye kikundi, lakini kilikaa.

## Uchambuzi

Kosa la uamuzi wa kwanza linaonekana wazi ukiuliza swali moja: mzaha huu una mwenyewe? Jirani hakupoteza mtu. Akikosea, akichekesha, akiondoka, hakuna anachokilipia. Mama anayemgombeza mwanawe analipia kila neno, kwa sababu kugombeza ndiko kunakomwezesha kuamini kwamba mtoto bado anaweza kusikia. Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu mizaha, anataja mtu aliyehukumiwa kifo ambaye, akipelekwa kunyongwa siku ya Jumatatu, alisema wiki imeanza vizuri. Weka maneno hayohayo kinywani mwa mnyongaji uone yatakavyobadilika. Maneno hayajasogea hata herufi. Aliyesogea ni mwenye maumivu.

Pili, kicheko cha kwanza, kile cha aibu, hakikuwa dharau. Mwili uliobanwa muda mrefu hutafuta tundu la kutokea, na usipopewa utajitobolea, tena mahali pembamba kuliko pote. Neno la ofisa lilikuwa pembamba: ni sahihi, ni la kiofisi, na lina kitu cha kipuuzi ndani yake, kwa kuwa anaomba radhi kwa upungufu wa kiatu mbele ya upungufu wa mtu. Mwongozaji angelifuta, kicheko kingehamia kwenye kimya au kwenye mlio wa kiti. Alipendekeza kuziba tundu wakati tatizo lilikuwa shinikizo.

Hofu ya mwandishi, kwamba mzaha unauchafua msiba, ni ya zamani na ina watu wakubwa upande wake. Mfano unaojulikana zaidi ni bawabu mlevi wa *Macbeth*, tamthilia ya Shakespeare, anayejikokota kwenda kufungua lango linalogongwa hodi mara tu baada ya mfalme kuuawa. Mshairi na mhakiki Mwingereza Samuel Taylor Coleridge aliamini sehemu hiyo haikuandikwa na Shakespeare bali imepachikwa na mkono mwingine kuwafurahisha watu wa kawaida. Mwandishi Mjerumani Friedrich Schiller alipoitayarisha tamthilia hiyo kwa jukwaa la mji wa Weimar mwaka 1800 alimwondolea bawabu ulevi na matusi, akampa wimbo wa kumshukuru Mungu kwa kupambazuka. Mwaka 1823 mwandishi Mwingereza Thomas De Quincey aliandika insha kuhusu ile hodi yenyewe, akieleza kwamba mauaji yanapofanyika dunia ya kawaida inakuwa imesimama, na hodi ndiyo inayotangaza kwamba imeanza tena kutembea; ni pale inapoanza ndipo tunapohisi jinsi ilivyokuwa imesimama. Nikisoma hoja hizo naona De Quincey peke yake ndiye aliyeuliza sehemu hiyo inafanya kazi gani. Wengine waliuliza kama inastahili kuwepo.

Lakini tamthilia yetu iliigeuza kanuni hiyo. Kwa Shakespeare pigo linatangulia na mzaha unafuata. Kwetu mzaha ulitangulia na pigo likaingia kupitia mlango ambao mzaha umeufungua. Nadhani katika kisa hiki hilo lilifaa zaidi, kwa sababu mtazamaji tayari anajua baharia amekufa. Huwezi kumshtua kwa habari. Unaweza kumshtua kwa wakati tu, na wakati unapatikana pale alipolegeza mabega. Mzaha ungekuja baada ya kiatu ungemruhusu akiache kiatu mezani na kwenda zake. Kwa hiyo baada ya hodi ya ofisa hakuna mstari hata mmoja uliokusudiwa kuchekesha. Linalobaki ni sentensi ya mama iliyorudi karibu na mwisho, bila nusu ya pili: "Akirudi huyu..." Watazamaji wanaimalizia wenyewe vichwani, na wale waliocheka mwanzoni ndio wanaonyamaza zaidi.

Suala la koti linanifundisha kitu kingine. Mzaha katili unaruhusiwa kwenye hadithi nzito, ila ndani ya hadithi lazima awepo mtu anayeusikia kama ukatili. Asipokuwepo, mtazamaji aliyejeruhiwa anaachwa peke yake na jeraha lake, akizungukwa na watu wanaocheka. Jibu halihitaji hotuba. Vifungo vilivyofungwa hadi kooni vilitosha.

Sharti nitie tahadhari. Kati ya onyesho la pili la majaribio na la tatu vilibadilika vitu vingi kwa pamoja: jirani aliondoka, mizaha ya daftari iliingia, mpangilio ulisogezwa, na mwigizaji wa ofisa alijifunza kusema mstari wake bila kusita. Siwezi kuapa ni kipi kilichoua kile kicheko. Ningekuwa na uwezo ningependa kuona onyesho lenye mizaha ileile lakini iliyotawanywa sawasawa hadi mwisho. Dhana yangu ni kwamba lingekuwa bora kuliko la jirani na baya kuliko lililobaki. Watazamaji wenyewe pia hawakuwa walewale, na ukumbi wa watu wachache hucheka tofauti na ukumbi uliojaa.

Upo pia ubishi ambao haujaisha. Katika toleo la mwandishi, dakika za mwisho kabisa, baada ya mama kukatisha sentensi yake, simu ya baharia inaita. Dada mdogo, ndani ya lile koti, anaitazama. Taa zinazimwa kabla hajapokea. Mwandishi anasema hapo mzaha wa mdai unageuka kuwa kitu kingine: mtu mmoja duniani bado anaamini baharia yu hai, na ni kwa sababu anamdai. Mwongozaji anasema watu watacheka, kwa kuwa mlio huo umewachekesha mara tatu tayari, na kicheko kitamfuata mama hadi gizani. Walijaribu mara moja. Nusu ya ukumbi ilicheka, nusu haikucheka, na mwandishi na mwongozaji kila mmoja alitoka akiamini amethibitishwa. Mswada unaochapwa una simu. Jukwaani haiiti.